Bonde la paa linapovuja: kuziba, kupaka utando, au kubadilisha bati lake?

Nyumba yenye paa la pande mbili tu haina bonde. Bonde huja pale nyumba inapokuwa na kona: umbo la herufi L au T, kibaraza kinachochomoza, chumba kilichoongezwa baadaye. Pande mbili za paa hukutana zikiinamiana kwa ndani, na mstari wa makutano yao huwa mfereji unaoshuka kutoka kileleni hadi kwenye gata. Mfereji huo ndio bonde la paa, na katika nyumba nyingi ndipo mahali pa kwanza kuvuja.

Si lazima iwe kosa la fundi. Bonde hubeba maji ya pande mbili kwa mpigo. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Sehemu ya paa inayomwaga kwenye bonde ikiwa imefunika mita za mraba 40, mvua ya milimita 50 kwa saa hupitisha humo lita 2,000 ndani ya saa hiyo moja. Isitoshe, bonde limelala kuliko pande zinazoliletea maji. Pande mbili zenye mwinamo wa nyuzi 30 zikikutana kwa kona ya mraba, bonde lao huwa na nyuzi 22 tu na ushei. Zikiwa na nyuzi 15, bonde hubaki na nyuzi zisizofika 11. Maji ni mengi, mwendo ni mdogo, na kila jani linalodondokea paa huishia humo humo.

Mwenye nyumba anayeona doa kwenye dari huwa na njia tatu mbele yake: kuziba palipotoboka, kupaka utando unaofunika bonde zima, au kung'oa bati la bonde na kuweka jipya. Kila moja ina mahali pake. Makala haya yanaziweka pamoja kwa vigezo vilevile, ili uchague kwa hali ya paa lako na si kwa maneno ya yule aliyefika kwanza na ngazi.

Kabla ya kuchagua: je, ni bonde kweli?

Pesa nyingi hupotea kwa kutibu bonde ambalo halina kosa. Maji yakishapenya huteleza juu ya boriti au papi, na yanaweza kutembea mita kadhaa kabla ya kudondoka. Doa la dari linakuonyesha mwisho wa safari ya maji. Mwanzo wake unatafutwa juu.

Ingia darini mchana, zima taa na utazame juu. Tundu la msumari au la kutu huonekana kama nukta ya mwanga. Fuata alama za maji kwenye mbao ukipanda nazo, usishuke nazo. Choma mbao zilizo kando ya bonde kwa bisibisi: ikizama bila kulazimishwa, ubao umeoza. Kumbuka alama hiyo, kwa sababu inaamua mengi huko mbele.

Kama huoni kitu, subiri siku kavu ufanye jaribio la mpira wa maji, mtu mmoja juu na mwingine darini. Anza kumwagia sehemu ya chini kabisa ya bonde, acha dakika kadhaa, kisha panda hatua kwa hatua. Ukianza juu, maji yatashuka na kuloanisha kila kitu, nawe hutajua yamepenyea wapi. Usielekeze mpira ukirusha maji kwenda juu chini ya vigae au mabati, maana hata paa zima litavuja likifanyiwa hivyo.

Angalia pia majirani wa bonde: kofia ya kileleni pale bonde linapoanzia, ukuta au bomba la moshi lililo karibu, na gata la chini. Gata likiziba, maji hurudi nyuma na kupanda kando ya bati la bonde, na hakuna kiraka kitakachotibu hilo. Na kama matone huanguka alfajiri bila mvua yoyote kunyesha, huenda ni mvuke wa ndani ya nyumba unaogeuka matone ya maji chini ya bati baridi. Dawa yake ni kupitisha hewa darini.

Tahadhari moja haina mjadala. Paa za zamani za karatasi ngumu za saruji zinaweza kuwa na asbesto. Usizitoboe, usizikate, usizisugue wala kuzipiga maji ya presha, na usizikanyage, kwa kuwa huvunjika ghafla. Ukishuku hivyo, simamisha kazi na utafute watu waliofunzwa kushughulikia asbesto.

Vigezo vya kupimia

La kwanza ni hali ya bati la bonde lenyewe: lina tundu moja, au limechakaa kote? La pili ni mbao zilizo chini yake. La tatu ni mwinamo na wingi wa maji, kwani bonde lililolala hudai zaidi. La nne ni muda unaotaka kununua: miezi hadi utakapopata fedha, miaka kadhaa, au umri wote uliobaki wa paa. La tano ni ugumu wa kazi na gharama, ukihesabu na gharama ya kurudia. La sita husahaulika sana: maji ya paa yanaenda wapi? Kama unayavuna kwa kunywa, kila unachopaka au kuweka bondeni kinaingia kwenye tangi.

Nami huongeza kigezo kimoja kinachotawala vyote. Paa huzuia maji kwa kulaliana: kipande cha juu hulala juu ya kile cha chini, na maji hushuka bila kukutana na mlango. Gundi, lami na silikoni ni wasaidizi. Ukiona ukarabati unategemea gundi pekee, jua kwamba umri wake ni umri wa gundi hiyo.

Njia ya kwanza: kuziba palipotoboka

*Kazi yenyewe.* Bonde husafishwa hadi bati lionekane, kutu husuguliwa, na mahali huachwa pakauke kabisa. Tundu dogo la msumari huzibwa kwa gundi ya kuzuia maji. Tundu kubwa huhitaji kiraka cha bati la aina ileile, kinachozidi tundu kwa angalau sentimita 5 kila upande, kilichobanwa kwa ribiti na gundi ikiwa imelala katikati ya bati na kiraka. Wengi hupaka gundi juu ya ukingo wa kiraka tu, na hapo jua huifikia na kuila. Gundi iliyobanwa kati ya mabati mawili hukaa muda mrefu zaidi.

Ukingo wa juu wa kiraka ndio dhaifu kuliko zote, kwa sababu unakabiliana na maji yanayoshuka. Kama tundu liko karibu na kiungo cha mabati mawili, ingiza kiraka chini ya bati la juu, ili maji yapite juu yake badala ya kukigonga.

Kuhusu gundi: silikoni yenye harufu kali ya siki inatoa asidi inapokauka, na asidi hiyo hula zinki ya bati. Tafuta iliyoandikwa kuwa haina asidi. Lami ya kopo hushika vizuri siku za mwanzo, lakini jua huikausha ikapasuka. Tepu ya lami yenye uso wa aluminiamu hustahimili jua kuliko lami tupu, ila inataka bati kavu na safi, la sivyo itabanduka kuanzia pembeni.

*Inadumu vipi.* Inategemea mwendo wa bati. Bati hutanuka kwa joto na kusinyaa kwa baridi. Kipande cha chuma cha mita 3, tofauti ya joto ikiwa nyuzi 50 kati ya usiku na jua la mchana, hubadilika urefu kwa karibu milimita 2. Cha aluminiamu hubadilika karibu milimita 3.5. Gundi huvutwa na kubanwa hivyo kila siku. Kwenye tundu la katikati ya bati, kiraka kilichowekwa vizuri kinaweza kukaa miaka. Kwenye kiungo kinachocheza, usitegemee.

*Inapokwama.* Kutu ya upande wa chini. Bati huweza kuonekana zima juu huku limeliwa kwa chini na unyevu wa mbao. Ukiziba leo, tundu jingine hufunguka shubiri mbili pembeni. Pia, silikoni ikishakauka, karibu hakuna rangi wala utando unaoshika juu yake. Aliyeipaka kila mahali amejifungia mlango wa njia ya pili, hadi aikwangue yote.

*Inamfaa nani.* Mwenye bati zima lililotobolewa na msumari uliopotea, tawi lililoanguka au kigae kilichovunjika. Mwenye mbao kavu. Na yeyote ambaye mvua imemkuta na anahitaji kuokoa dari wiki hii huku akijipanga kwa kazi kubwa.

Njia ya pili: utando wa kupaka wenye kitambaa

*Kazi yenyewe.* Hapa bonde zima hufunikwa kwa rangi nzito ya kuzuia maji, na katikati ya mikono (matabaka) yake hulazwa kitambaa cha poliesta au nyuzi za kioo. Mkono wa kwanza hupakwa, kitambaa hulazwa ungali mbichi na kukandamizwa hadi kilowe, kisha mkono mwingine hufuata baada ya ule wa kwanza kukauka. Mara nyingi hutangulia rangi ya msingi ya kuzuia kutu. Bila kitambaa utakuwa umepaka rangi tu, na rangi hupasuka pale bati linapocheza.

Tabaka la chini likikosewa, yote yamepotea. Vumbi, ukungu, mafuta na kutu inayobanduka hufanya utando ushike uchafu badala ya bati. Fundi atakayetumia muda mrefu kusafisha kuliko kupaka ndiye wa kumwamini.

Aina ni kadhaa na hazifanani. Zile za akriliki huchanganywa na maji, ni rahisi kutumia na hustahimili jua, lakini hulainika zikikaa chini ya maji yaliyotuama, na mvua ikinyesha kabla hazijakauka husombwa. Za poliyurethani ni ngumu zaidi na huvumilia maji vizuri, ila harufu yake ni kali na wakati wa kupaka zinataka kinga ya macho, ngozi na pumzi. Za silikoni huvumilia maji yaliyotuama na jua, lakini, kama nilivyosema, siku za mbele hazitakubali kitu kingine juu yake ila silikoni nyingine. Bonde lililolala, lenye vidimbwi baada ya mvua, si mahali pa akriliki.

*Inadumu vipi.* Ikifanywa vizuri hununua miaka, si miezi, na inaweza kupakwa upya ikianza kuchoka. Lakini haimalizi kutu iliyo upande wa chini wa bati. Huifunika tu.

*Inapokwama.* Kwenye kingo. Sehemu ya bati iliyojificha chini ya vigae au chini ya mabati ya pande mbili haifikiwi na brashi, na mara nyingi maji hupenyea hapo hapo. Fundi akijaribu kuunganisha utando na ukingo wa vigae, huziba mwanya ambao maji yaliyoingia chini ya vigae yangetokea. Yakikosa pa kutokea, yataelekea ndani ya nyumba. Kwa hiyo utando uishie kwenye bati la bonde, usipande juu ya vigae.

*Inamfaa nani.* Mwenye bonde la wazi, pana, linalofikika kwa brashi, lenye kutu ya juu juu na matundu madogo mengi, lakini lenye mbao nzima. Pia anayejua kwamba paa lote litabadilishwa baada ya miaka michache, kwa hiyo haoni maana ya kufumua bonde sasa. Anayevuna maji ya kunywa asome kwanza maelezo ya bidhaa: kama haikuandikwa kwamba inafaa kwa paa la kuvunia maji ya kunywa, ama achague nyingine au aelekeze maji ya bonde hilo nje ya tangi.

Njia ya tatu: kubadilisha bati la bonde

*Kazi yenyewe.* Hii ni kazi ya kuezua na kuezeka. Vigae au mabati ya pande zote mbili huondolewa kiasi cha kumpa fundi nafasi. Vigae vilivyokatwa kwa pembe vipewe namba kwa chaki, maana kila kimoja kilikatiwa mahali pake. Bati la zamani hutoka, mbao hukaguliwa, zilizooza hubadilishwa. Kisha huwekwa ubao au kitanda imara cha kulalia bati, juu yake tabaka la kuzuia maji, ndipo bati jipya, kuanzia chini kwenda juu.

Mambo ambayo ningesimama juu ya ngazi kuyahakikisha ni haya. Kila kipande cha juu kilale juu ya cha chini kwa angalau sentimita 15, na zaidi pale bonde lilipolala. Kingo za bati zikunjwe kwenda juu, ili maji yanayosukumwa na upepo yagonge mkunjo na kurudi. Mkunjo huo hufanya kazi nyingine pia: mabati mawili yaliyobanana hunyonya maji hadi yakapanda, na nafasi ndogo ya mkunjo huvunja mnyonyo huo. Upana usiwe wa ubahili. Kanuni ya ujenzi wa nyumba za makazi nchini Marekani, kwa bonde la wazi la bati chini ya vigae vya lami, inataka upana usiopungua inchi 24, yaani milimita 610. Ni kipimo kizuri cha kuanzia hata mahali ambapo hakuna sheria inayokulazimisha.

Msumari usipite kwenye njia ya maji. Bati la bonde hushikwa kingoni, vizuri zaidi kwa vishikizi vinavyouma mkunjo na kuliacha litanuke. Misumari ya vigae au skrubu za mabati ya pembeni nazo zikae mbali na mstari wa katikati. Sentimita 15 ni umbali unaofuatwa na wengi. Tundu moja la haraka hapo huharibu kazi yote.

Upande mmoja wa paa ukiwa mkubwa au wenye mwinamo mkali kuliko mwingine, omba bati lenye tuta dogo katikati, la kimo cha sentimita 2 na nusu hivi. Bila tuta, maji ya upande wenye nguvu huvuka mfereji na kuingia chini ya paa la upande wa pili. Nimeiweka hapa kwa sababu watu hubadilisha bati mara mbili bila kuliwaza hili, kisha wanalaumu bati.

Juu, bonde liingie chini ya kofia. Chini, lichomoze hadi ndani ya gata, si nyuma yake. Ukingo wa vigae usizibwe kwa kuujaza saruji iliyolala juu ya bati: saruji mbichi hula aluminiamu na zinki, na ikishakauka hupasuka na kushika unyevu.

*Inadumu vipi.* Kwa metali iliyochaguliwa vizuri, bonde linaweza kuishi sawa na paa lenyewe au zaidi.

*Inapokwama.* Gharama ya mara moja ni kubwa, na vigae vya zamani huvunjika wakati wa kuvitoa. Ukiwa na vigae ambavyo havitengenezwi tena, tafuta vya akiba kabla ya kufumua. Paa lisifunuliwe lote kwa wakati mmoja katika majira ya mvua, na turubai liwe tayari juu, si stoo.

*Inamfaa nani.* Yeyote ambaye bisibisi ilizama kwenye mbao, ambaye bati lake limeliwa na kutu kote, ambaye bonde lake lilijengwa jembamba mno, au aliyekwisha kuziba mahali palepale mara kadhaa.

Ukibadilisha, bati gani?

Chuma kilichochovywa zinki ni rahisi kukunja na kupatikana. Umri wake ni unene wa zinki yake, hivyo uliza gramu kwa mita ya mraba. Alama Z275 humaanisha gramu 275 kwa jumla ya pande mbili, na kwa bonde nisingeshuka chini ya hapo. Chuma chenye mchanganyiko wa asilimia 55 ya aluminiamu, 43.5 ya zinki na 1.5 ya silikoni (elementi, si ile gundi) hukawia kushika kutu kuliko zinki tupu katika mazingira mengi. Aluminiamu haishiki kutu nyekundu na huvumilia hewa ya bahari, ila ni laini na hutanuka sana. Shaba nyekundu na chuma cha pua hudumu sana, kwa bei yake. Risasi hukunjika kwa mkono na ina historia ndefu kwenye paa za vigae, lakini vipande vyake huwekwa vifupi, kwa kawaida visizidi mita 1.5, kwa sababu hutanuka kuliko zote hizi. Nayo haifai kabisa mahali maji yanapovunwa kwa kunywa. Chini ya vigae, mabonde ya nyuzi za kioo yaliyotengenezwa tayari ni chaguo jepesi lisilo na kutu.

Kosa linaloua mabonde mapya ni kuchanganya metali. Maji yaliyopita juu ya shaba yakishukia bati la zinki au aluminiamu, huila. Risasi isikutane na bati la mchanganyiko wa aluminiamu na zinki. Na hili wengi hawalijui: bonde la zinki tupu chini ya paa la mabati ya rangi au ya mchanganyiko huo huliwa mapema, kwa sababu maji yanayolifikia hayakubeba zinki yoyote, hivyo yanachukua ya bonde. Kanuni rahisi ni kulinganisha bonde na paa: paa la mchanganyiko, bonde la mchanganyiko.

Utasikia pia juu ya bonde la wazi na bonde lililofungwa, ambapo vigae vya lami vya upande mmoja hupita juu ya mstari na kukatwa, au husukwa na vya upande wa pili. La kufungwa hupendeza na halionyeshi bati. La wazi husafishika, hukagulika, na majani hupita kwa urahisi. Nyumba iliyozungukwa na miti, nashauri la wazi.

Matunzo, njia yoyote utakayochukua

Safisha bonde kabla ya majira ya mvua na tena baada ya majani kudondoka. Tumia mkono wenye glavu na brashi laini, ukivuta uchafu kuelekea chini. Brashi ya waya hukwangua zinki. Majani yaliyooza hushika unyevu dhidi ya bati usiku na mchana, na chini yake ndipo kutu huanza. Kata matawi yanayoninginia juu. Okota misumari na vipande vya bati vilivyoachwa na mafundi wa antena au wa sola, maana chuma kinachooza juu ya bati zima huliambukiza kutu.

Usikanyage katikati ya bonde. Ngazi iwe na mwinamo wa moja kwa nne: futi moja nje kwa kila futi nne za kupanda, na ichomoze mita moja juu ya ukingo. Paa likiwa limelowa, kazi isubiri. Paa refu au lenye mwinamo mkali ni la mtu mwenye mkanda wa usalama uliofungwa mahali imara, na kama huna, mlipe mwenye nao.

Kwa hali yako

Mvua inanyesha sasa na dari inadondosha: ondoa majani, fungua gata, weka turubai au tepu mara mvua ikikatika, kisha fanya uchunguzi siku kavu. Usinunue chochote kikubwa leo.

Bati bado linang'aa, tundu ni moja na chanzo chake kinajulikana: ziba, kwa kiraka cha metali ileile. Tumia gundi ya poliyurethani badala ya silikoni kama unafikiria kupaka utando baadaye.

Kutu imetapakaa juu, mbao ni kavu, bonde ni la wazi, na paa zima litabadilishwa baada ya miaka michache: utando wenye kitambaa ni matumizi mazuri ya fedha.

Kutu imetapakaa na paa lingine bado ni jipya: badilisha bati la bonde. Utando ungekuja kuchoka huku paa likiwa na umri mrefu mbele yake, nawe ungefumua hata hivyo.

Mbao zimeoza, kwa kiasi chochote: badilisha, na ukague boriti inayobeba bonde kabla ya kufunika. Hapo tatizo limeshatoka kwenye maji likawa la uimara wa paa.

Fedha ya kubadilisha haipo na mbao zimeanza kulainika sehemu ya chini tu: fundi anaweza kubadilisha kipande cha chini cha bonde na mbao zake, akakilaza chini ya bati la juu lililopo. Chini ndipo maji huwa mengi na majani hukwama, kwa hiyo mara nyingi sehemu ya juu bado ina miaka.

Bonde limelala chini ya nyuzi 10 na linavuja kila upepo unapovuma: kabla ya kubadilisha bati kwa bati, mwite fundi wa kupaua mwenye uzoefu atazame umbo lenyewe. Huenda jibu ni mfereji mpana na wenye kina zaidi, wenye viungo vilivyounganishwa kwa kuchomelea au kulehemu, au kuinua mwinamo wa paa la nyongeza.

Unapozungumza na fundi, muulize maswali mawili kabla ya bei: maji yanapenyea wapi hasa, na utalishikilia bati kwa kitu gani. Akikuonyesha mahali na kutaja mikunjo na vishikizi, endelea naye. Akisema atapiga misumari katikati kisha apake silikoni juu yake, mshukuru na umwite mwingine.